Tundu Lililotokea Darini

Kwa miaka tisa alikuwa ameendesha mashine za kuchoronga miamba, na wenzake walimbandika jina la Taratibu, maana neno hilo halikumtoka mdomoni. Baba yake, mpasua mawe tangu enzi za nyundo na tindo, alikuwa msimamizi wa handaki chini ya mlima uleule alikochoronga yeye. "Binti yangu kazi yake ni kukaa kwenye kiti," aliwatania watu. "Mwamba unajitoboa wenyewe."

Mwaka ule walikuwa wakichimba shimo la wima la kuteremshia maji kutoka bwawani hadi kwenye mitambo ya umeme. Kwanza lilitakiwa tundu jembamba la mita mia mbili arobaini, lililonyooka kama timazi, litokee kwenye dari la handaki. Baadaye lingepanuliwa.

Kwenye mita ya mia na thelathini, Taratibu alisikia vyuma vikikwaruza kwa sauti asiyoipenda. Akazima mashine.

"Tundu linakwenda upande," alimwambia mhandisi mkuu.

"Vipimo vya jana viko sawa."

"Vya jana ni vya jana, bosi. Tumeingia kwenye mwamba laini. Tupime sasa."

Walipima. Lilikuwa limepinda sentimita sitini. Akasema vyuma vyote vitolewe, sehemu iliyopinda ijazwe saruji, ikauke, ndipo waichoronge upya.

"Hizo ni siku tano," mhandisi alisema, uso umemkunjamana.

"Tukiendelea hivi, handaki tutalipita pembeni."

Mhandisi alikuna kichwa, kisha akakubali.

Siku hizo tano zilimpitia kwa shida. Kantini, wenzake waliomlaumu kwa kuchelewesha kazi walihama meza kila alipoingia na sahani yake. Saruji ilipokauka alirudi kazini, akishuka polepole kuliko mwanzo, akipima kila mita tano.

Siku ya tisa tangu arudi kazini, saa nne asubuhi, mashine ikawa nyepesi ghafla. Redioni ikaja sauti ya baba yake kutoka handakini.

"Limetokea. Kutoka kwenye alama ya rangi tuliyopaka darini ni vidole vinne."

"Vidole vya nani, baba? Vyako vinene kama mpini."

"Basi vya kwako ni sita," mzee alicheka. "Miaka thelathini na nane nimo humu milimani, mama. Sijawahi kulenga hivi."

Taratibu alivua glavu, akajifuta macho bila kujificha, huku wenzake wakimpigia makofi.

Kichwa kikubwa cha kupanulia tundu kilipowasili wiki iliyofuata, mhandisi alimfuata yeye kwanza kumuuliza waanze lini.