Kulthumu na Mashine Isiyoutaka Mtaa wa Nyamugari

Kulthumu, fundi cherehani wa Nyamugari mjini Gitega, alikuwa amewashonea sare watoto wa karibu kila nyumba ya mtaa, na hakuna aliyewahi kumwona kuwa mtu wa hatari mpaka kampuni moja ya bima ya matibabu ilipoleta mashine yenye akili. Mashine iliuliza jina, umri, kazi na mtaa, ikatafakari kufumba na kufumbua, ikajibu: ombi limekataliwa.

Wifi yake Farida, anayekaa Musinzira na kushona naye kwenye baraza moja, alikubaliwa siku hiyohiyo. Kulthumu akaomba tena. Kila kitu akakiacha vilevile, ila mtaa akaandika Musinzira. Mashine ikampongeza na kumkaribisha katika familia.

Akaenda kwa Fredi, wakala wa kampuni, mtu wa tai na subira.

"Mama, mashine haina roho mbaya," Fredi akamwambia. "Haijue Muislamu, haijue Mkristo. Iko inapiga hesabu tu."

"Na hiyo hesabu inajua Nyamugari?"

"Inajua riski, hatari ya kuleta hasara. Vwala, ndiyo hivyo."

Kulthumu akashukuru kwa kuelimishwa, akatoka.

Wakati huo serikali ilikuwa ikikusanya maoni juu ya sheria ya kuwalinda wateja dhidi ya mashine zinazobagua. Mkutano wa Gitega ulifanyika karibu na kwake, lakini ili mambo yaende kisasa, waalikwa walichaguliwa na mashine. Katika Nyamugari nzima mashine haikuona mtu mwenye maoni. Basi Kulthumu akasafiri hadi mkutano wa Muyinga, ambako mtandao ulikuwa umekatika, na kwa bahati mbaya ikabidi kila aliyefika aruhusiwe kuingia.

Huko mtaalamu wa serikali aliyeitwa Bonifasi, mwandishi wa maoni, alieleza faida za teknolojia mpaka watu wakasinzia kwa heshima. Kulthumu akasimama, akasimulia habari ya mitaa miwili. Aliyeketi kando yake, mkulima Nazario aliyekulia Tanzania, akamuunga mkono.

"Mheshimiwa, hizo hesabu mimi sizijui," alisema. "Ila anayenikataa anitazame usoni aniambie sababu. Hilo tu liandikwe."

Bonifasi akasema wazo hilo ni la kawaida mno. Kisha, kwa kuwa hakuwa na jingine, akaliandika.

Sheria ilipotoka ilikuwa nene, imejaa maneno ya kutisha ambayo makampuni yaliyapigia makofi. Katikati, mtu alisahau kulifuta lile la kawaida: mteja aliyekataliwa na mashine aelezwe sababu na binadamu, ana kwa ana.

Kulthumu akarudi kwa Fredi asubuhi, ofisi imejaa majirani zake waliokataliwa kama yeye.

"Mi nimekuja unielezee, mwanangu."

Fredi akatazama kompyuta yake. Haikumsaidia. "Mama, ni kwamba... watu wa Nyamugari..."

"Endelea. Watu wa Nyamugari wako namna gani?"

Fredi akalegeza tai, akawatazama wale watu mmoja mmoja. Mkwe wake mwenyewe alikuwa miongoni mwao.

"Kulikuwa na erere kidogo, kosa la mashine," akasema kwa sauti ndogo, akamkubalia Kulthumu kwa vidole vyake mwenyewe.

Kulthumu alifurahi, ingawa hasira haikumwisha. Alipogeuka kuondoka, majirani walikuwa wameshainuka na kujipanga mbele ya meza. Fredi akauliza wanataka nini.

Wakamjibu kwamba na wao wamekuja kuelezewa.