Mama Mkwe Ndani ya Simu

Mdogo wangu alitoka saluni anakosuka nywele, akaketi mbele ya sufuria zangu, akanitangazia mimi dada yake mkubwa kwamba nimekufa. Si kwamba nitakufa. Nimeshakufa, ila sijaambiwa.

"Yaya, ku TikTok hauko. Ku Facebook hauko. Muntu haiko kule, iko wapi sasa?"

"Iko hapa Kamalondo," nilimjibu. "Sogea, unaikalia unga."

Nilijitia hamnazo, lakini maneno yake yaliniingia. Malewa yangu, hiki kibanda cha chakula nilichoachiwa na mama, ilikuwa inazimika. Ng'ambo ya barabara walikuwa wamefungua mahali pengine, penye taa za rangi na kijana anayezunguka na simu akiwarekodi watu wakitafuna, na watu walikuwa wanavuka barabara kwenda kurekodiwa. Sombe yangu ikawa inarudi nyumbani nusu sufuria. Tuliila asubuhi, tukaila jioni, hadi mume wangu akaanza kuniuliza kwa upole kama majani ya muhogo yana msimu wa kwisha.

Shida ni kwamba mimi nimelelewa vibaya kwa biashara ya siku hizi. Sisi asili yetu ni Maniema, na kwa mama yangu mtu anayekula haangaliwi. Ukimletea mgeni sahani, unageuza uso, unajifanya unatafuta kitu ukutani. Nimetafuta vitu ukutani maisha yangu yote. Sasa mdogo wangu ananiambia nichukue kinywa cha mteja, chenye bukari, huu ugali wetu, ndani, nikipeleke dunia nzima.

Tulikubaliana turekodi sufuria tu. Sombe ikachemka mbele ya simu, ikatoa povu, ikatulia. Waliotazama walikuwa ndugu zetu, na mmoja wao nilikuwa mimi.

"Yaya, sufuria haina sura," alisema. "Bantu banataka kuona bantu."

Basi nikaridhia, kwa sharti kwamba tutamrekodi anayetaka mwenyewe. Nilidhani hakuna atakayetaka. Kumbe nilikuwa sijui wateja wangu. Fundi wa magari alikuja na koti la harusi. Mwalimu jirani alimsemesha samaki wake Kifaransa. Mama mmoja, ambaye tangu nimjue hajawahi kushika hata kijiko, aliomba uma wa kulia bukari, na bukari ikamkimbia sahani nzima kama kifaranga. Nilicheka nikakaa chini.

Ndipo ikaja zamu ya suderi. Huyu ni mchomelea vyuma, mtu mnene mwenye sauti, mteja aliyebaki nami hata zile taa za rangi zilipowaka. Alikula kichwa cha samaki kwa heshima zote, akinyonya jicho, mdogo wangu akiwa amemsogezea simu puani, moja kwa moja, live. Maoni yalikuwa yanaingia naye anayasoma kwa sauti.

"Huyu anauliza bei. Huyu anasema hamu. Huyu wa Likasi anasema: 'Kula muzuri, mukwe wangu. Angalia mifupa.'"

Suderi aliacha kutafuna.

"Nani wa Likasi?"

Mdogo wangu akamsomea jina. Alikuwa mama mkwe wake.

Nieleze kidogo. Sisi wa Maniema tuna adabu zetu, lakini Waluba, kama huyu suderi, katika mambo ya wakwe wametuzidi mbali. Mwanamume haketi na mama mkwe, hamtazami usoni, na kula mbele yake ndiyo aibu ya aibu zote. Huyu bwana, miaka yote ya ndoa yake, akimwona mama huyo njiani huvuka barabara. Leo amemnyonyea jicho la samaki.

Alizama chini ya meza, mwili ule wote. Meza ikaenda naye, na sombe ikaenda na meza. Mdogo wangu, badala ya kuzima, akainama na simu.

"Papa, uko bien?"

"Kata! Kata ile live! Anaona mugongo!"

Nililinyakua beseni la kunawia mikono nikaifunika simu. Nikadhani nimemaliza. Kumbe live haikukatika, iliendelea gizani, na Likasi nzima ikasikiliza mkutano uliofuata: je, macho ya kwenye simu ni macho? Fundi alisema hapana, Likasi ni mbali. Mama wa uma alisema macho ni macho, hata yakipita hewani. Mwalimu alitaka kwanza tufafanue maana ya "mbele".

Suderi alitoka chini ya meza akajipangusa majani. Hakugomba, na ingekuwa heri angegomba.

"Mama, hapa kwako nilikuwa nakula bila muntu kuniangalia. Njo maana nilikuwa nakuya." Akaenda zake.

Roho iliniuma. Iliniuma zaidi kesho yake, malewa ilipojaa pomoni. Walikuja na simu juu, wakaagiza soda moja watu watatu, wakapiga picha chini ya meza. Mdogo wangu aling'aa kwa furaha. Alikuwa na mpango tayari: kila Ijumaa tumtafute mama mkwe wa mtu, tumweke kwenye simu bila mwenyewe kujua. Nilimwuliza kama amerogwa. Akaniuliza kama nataka kuendelea kula sombe asubuhi na jioni.

Jumamosi akashuka mwanamke mmoja kwenye basi la Likasi, mdogo kwa umbo, kuku kwapani. Alinisalimu akapiga goti.

"Miye njo nilikosa," alisema. "Yeye alikuwa anakula yake. Macho yangu njo iliangalia. Nilifurahi tu kuona anakula muzuri, nikasahau heshima. Mupikie huyu kuku, mumuite akuye."

Nikapika. Nikatuma mtu akamwite suderi. Nikafunga kikwembe changu, kile kitenge cha kujifunga, katikati ya malewa kwenye kamba, toka ukuta hadi ukuta, mama mkwe akaketi upande huu, na mkwe akaingia upande ule kwa mlango wa nyuma, kichwa chini. Watu wa soda wakainuka wote na simu zao.

Niliwaambia wazizime au watoke. Walitoka. Niliwaona wakivuka barabara mmoja mmoja kuelekea kwenye taa za rangi, na nilijua vizuri kabisa ninachokifukuza. Nikafunga mlango.

Nikawagawia kuku, huku nusu na huku nusu. Mifupa ikaanza kusikika pande zote mbili.

"Mukwe wangu, chumvi iko?" mama mkwe alikiuliza kikwembe.

"Iko, mama. Aksanti."

"Tangu ulioa mutoto yangu, leo njo mara ya kwanza tunakula pamoja."

Kisha mkono wa yule mama ukatokea chini ya kikwembe, umeshika firigisi, ile sehemu ambayo kwetu hapewi mtu hivihivi. Mwanamume yule mnene akateremka kwenye benchi, akapiga magoti sakafuni, akaipokea kwa mikono miwili. Nililia bila kujificha. Nilipogeuka nilimwona mdogo wangu amesimama na simu mkononi, uso umelowa, kioo cha simu kimezimwa.

"Yaya," alininong'oneza, "hii hatuiweke ku TikTok?"

"Hatuiweke."

Akageuza uso, akaanza kutafuta kitu ukutani.