Fyuzi Niliyoirudisha Bila Kuuliza

Mwanangu, kabla hujaenda kazini kwako, nikusimulie: siku ile naikumbuka kwa pasi iliyopoa mkononi mwangu. Nilikuwa bado msichana, mama wa mtoto mmoja, nikifua na kupiga pasi kwa Memsabu, mama wa kizungu mwenye shamba la kahawa hapa Ruiru. Ilikuwa miaka ya hali ya hatari, wakati wa mkoloni. Ukikutwa njiani jua limezama, ulijieleza kwa askari, na hukujua maelezo yako yangeishia wapi. Nami asubuhi hiyo nilikuwa nimemwacha Mwangi wangu kwa mama mkwe kule Gitothua, mwili unachemka kwa homa. Mikono ilikuwa kwenye mashuka, moyo uko Gitothua. Kila mara nilichungulia jua.

Nje, kwenye ukuta wa nyuma wa jikoni, kulikuwa na soketi ya kuendesha pampu ya maji. Mvua ilinyesha siku tatu, soketi ikafa. Memsabu akamwita fundi wa stima kutoka Thika, Mzee Karanja, mtu mpole aliyefika kwa baiskeli. Nilimwona dirishani akiijaribu soketi kwa taa ndogo. Haikuwaka. Akavuta waya mrefu kutoka soketi ya jikoni mpaka kwenye pampu, ikanguruma. Basi pampu ilikuwa nzima, ubaya ulikuwa kwenye soketi ya nje. Akaingia stoo, na pasi yangu ikafa.

Alikuwa amemwambia mpishi kwamba anazima stima. Mpishi hakuniambia, nami sikuuliza.

Nilingoja. Nikakunja shuka, nikalikunjua. Mwisho nikaenda stoo mwenyewe. Fyuzi moja ilikuwa imetolewa, imewekwa juu ya kisanduku cha fyuzi. Nilishamwona Memsabu akiirudisha siku moja, kwa hiyo nikaisukuma ndani, nikajiona mjanja kweli.

Sijafika hata mezani, nikasikia ukelele mfupi, halafu kishindo.

Nilirudi mbio nikaichomoa, nikatoka nje. Mzee Karanja alikuwa chali kando ya kreti aliyokuwa amepanda, ameukumbatia mkono wake, midomo imekuwa ya kijivu.

"Uui, Ngai wakwa, Mungu wangu!" nikalia.

Memsabu akatokea. "Wewe ni fundi gani? Hata kuzima stima huwezi? Chukua vyombo vyako uende!"

Mzee akaketi polepole. "Nilitoa fyuzi, Memsabu," akasema. "Labda nilitoa isiyo yenyewe."

Mwanangu, hapo ndipo pananichoma mpaka leo. Mtu aliyeijua kazi yake alianza kujitilia shaka kwa sababu yangu, nami nimesimama kimya. Nilikuwa nawaza kibali changu cha kutembea, kilichotegemea kazi ile. Nilimwacha akusanye koleo na bisibisi, akazifunga kwenye gunia kwa mkono mmoja. Alipoiinua baiskeli nikashindwa kuvumilia.

"Ni mimi," nikasema. "Fyuzi nimeirudisha mimi."

Memsabu akanikodolea macho, kisha akamwashiria Mzee arudi kazini. Mzee ndiye aliyesema, bila kupaza sauti.

"Mama, ulipoikuta imetolewa, ulifikiri nani ameitoa?"

"Sikufikiri, baba. Nilikuwa na haraka. Mtoto wangu ni mgonjwa."

"Pole. Hata mimi nina watoto nyumbani." Akaiegesha baiskeli ukutani. "Na mimi nilikosea. Fyuzi ingekuwa mfukoni mwangu, usingeiona." Kisha akaniambia nikailete ile fyuzi, akaniwekea kiganjani. "Simama nayo stoo. Usimpe mtu yeyote, hata Memsabu, mpaka nije mwenyewe."

Nikasimama. Sijawahi kungoja namna ile, nikibadilisha miguu, jasho linanitoka. Ndani ya soketi alikuta kutu na sisimizi, waya mmoja umekatika. Akasafisha, akakaza, akaweka kifuniko cha kuzuia mvua. Alipokuja aliniambia niirudishe mimi, na pampu ikanguruma.

Memsabu hakunifukuza, ila wiki nzima hakunisemesha. Nilifika Gitothua jua likiwa ukingoni, nikamkuta Mwangi ameketi, anakunywa uji. Homa ilikuwa imeshuka tangu mchana.

Basi, mwanangu, nisikilize. Ukikuta kitu kimezimwa au kimefungwa, jua kuna mtu aliyekizima, na huenda mkono wake bado uko ndani. Mtafute umwulize, hata kama nyumbani kunawaka moto. Na ukikosea, sema mara moja, mwenzako asije akabeba kosa lako. Mzee Karanja alinisamehe ile fyuzi siku ileile. Ule ukimya wangu sijausamehe mimi mwenyewe.

Mungu ailinde mikono yako na ya wanaofanya kazi karibu nawe. Akupe ulimi mwepesi wa kuuliza na usiochelewa kukiri. Nenda salama.