Matairi ya Nyuma ya Protase

Protase Rutashobya alirudi kijijini kwao, milimani juu ya Muleba, wakati vijiji vilipokuwa vikiandikishwa kuwa vya ujamaa. Kabla ya hapo alikuwa dereva wa teksi mjini Bukoba, amepanga chumba mtaa wa Bilele. Mwenye teksi alipoiuza, Protase alikusanya vitu vyake akamrudia mkewe Ephrasia, ambaye miaka yote hiyo alikuwa akitunza kibanja chao cha migomba na kahawa. Alidhani ameachana na usukani. Lakini kijiji kilipata pikapu, Peugeot 404 iliyokwisha kutumika kwingine, ya kupeleka kahawa Bukoba na wagonjwa hospitali, na mtu mwenye leseni alikuwa yeye peke yake.

"Ndugu Protase, gari hili ni letu sote," mwenyekiti, Datius Ndyamukama, alimwambia mbele ya mkutano. "Likiharibika, tumeharibikiwa wote."

Msimu wa kwanza wa kahawa haukuisha kabla matairi ya nyuma hayajalika. Ya mbele yalikuwa bado na meno yake, ya nyuma yamekuwa laini kama kiganja. Kijiji kikahangaika, yakapatikana mengine mawili. Msimu uliofuata nayo yakaenda vilevile, upesi kuliko ya kwanza.

Hapo ndipo maneno yalipoanza. Watu walijiuliza inawezekanaje gari moja, barabara moja, dereva mmoja, halafu matairi ya nyuma yaishe na ya mbele yabaki. Mtu mmoja akasema kilabuni kwamba Bukoba kuna watu wananunua matairi mapya na kukufungia yaliyochakaa, na kwamba Protase alikaa mjini muda wa kutosha kuwajua. Kufika jioni yake, kilabu kizima kilikuwa kinaliongea kama jambo lililoonekana kwa macho.

Protase alisikia kwa mkewe. Safari iliyofuata alipitia Bilele kwa fundi Aristides, waliyefahamiana naye tangu enzi za teksi, akamwomba alitazame gari.

Aristides alipiga magoti nyuma ya pikapu, akapitisha mkono juu ya tairi. "Ona, limelika katikati zaidi kuliko pembeni. Unajaza upepo mwingi?"

"Bila hivyo linabonyea. Wananipakia magunia mpaka springi zinalala."

"Na ukishashusha mzigo, unapunguza?"

Hakuwa akipunguza. Alikuwa akirudi Muleba gari tupu, matairi yamevimba, yanagusa barabara kwa katikati tu.

"Hili linasukumwa na miguu ya nyuma," Aristides alisema, akijifuta mikono. "Ya mbele kazi yake ni kugeuka. Ya nyuma yanabeba mzigo, na hayohayo yanasukuma gari kupanda milima yenu. Kila yakizunguka bure kwenye changarawe, yanajisaga. Na wewe nakujua. Unaondoka kama bado unagombania abiria sokoni. Ukikanyaga mafuta hivyo, mpira unabaki barabarani."

Maneno hayo ya mwisho yalimwingia. Alikuwa amejiandaa kuwalaumu waliompakia, akajikuta na yeye yumo.

Kwa ushauri wa Aristides walihamisha matairi: yale mazuri ya mbele yakaenda nyuma, vipara vikaja mbele. Ilikuwa ndiyo njia pekee, maana matairi mapya yalihitaji kibali cha wilaya, na kila Ndyamukama alipofuatilia Muleba aliambiwa matairi hayapo, asubiri.

Kijijini walichoona ni gari lililoondoka na matairi mazima mbele likarudi na vipara mbele.

"Sasa kauza na ya mbele," wakasema.

Protase alisimama kwenye mkutano akaeleza yote, hata kosa lake la kuondoka kwa nguvu. Aliomba magunia yapunguzwe. Mzee mmoja akamwuliza kama kahawa itakayobaki ataibeba yeye kichwani, watu wakacheka. Ndyamukama hakucheka, lakini pia hakumtetea. Kahawa ilikuwa inangojewa Bukoba. Magunia yalipakiwa kama kawaida, na mvua za mwisho wa mwaka zilipoanza, matairi yote manne yalikuwa yamekwisha, ya nyuma yakionyesha nyuzi.

Protase alimrudishia mwenyekiti ufunguo, akimwita kwa heshima ya Kihaya. "Waitu, gari lipumzike mpaka kibali kipatikane. Mlima wa kwenda hospitali ukilowa hatutaupanda."

Ndyamukama alikubali kwa shingo upande, akautundika ufunguo nyumbani kwake.

Mchana mmoja wa mvua alikuja mwenyewe kibanjani, ameushika ufunguo mkononi. Binti yake Alistidia, aliyeolewa hapohapo kijijini, alikuwa na uchungu wa mimba ya kwanza tangu jana yake, na mkunga alikuwa amesema mtoto amekaa vibaya.

"Protase, jaribu," alisema. Hakumwita ndugu.

Walimlaza Alistidia nyuma, juu ya majani ya migomba na blanketi, chini ya turubai, mama yake, Klaudia, amempakata kichwa, na wanaume kadhaa wakapanda, tayari kushuka kusukuma. Protase aliendesha taratibu kuliko siku zote za maisha yake. Tambarare walipita salama. Mlimani, katikati ya kona, magurudumu ya nyuma yalianza kuzunguka bila gari kusogea. Alilegeza mguu kama alivyofundishwa. Gari likaanza kurudi nyuma. Kule nyuma Alistidia akapiga kelele, na Protase, kwa hofu, akakanyaga mafuta mpaka mwisho.

Pikapu ilipinda kiuno, ikaingia mtaroni polepole, ikakwama hapo. Wanaume waliokuwa wameshuka kusukuma wakabaki wamesimama, matope yamewajaa usoni.

Walikwenda kuleta engozi, ile machela ya kubebea wagonjwa, wakambeba Alistidia mabegani kwa kupokezana. Protase naye alibeba, mpaka bega likachubuka. Walifika hospitali jioni inaingia. Alistidia alipona. Mtoto, wa kiume, alitoka amekwisha kufa, na daktari akasema mwingine hatapatikana.

Baada ya mazishi Protase hakuonekana tena kilabuni. Kanisani alikaa nyuma, akatoka kabla ya wenzake. Siku moja Ndyamukama alimkuta akipunguza majani makavu ya migomba, wakasimama wote wawili bila kukaribishana kukaa.

"Watu bado wanasema uliuza," Ndyamukama alisema.

"Na wewe, waitu?"

"Mimi sisemi."

"Sikuuliza unasema nini."

Ndyamukama akaaga.

Kibali kilitoka mwaka uliofuata. Matairi mapya yalifungwa, akaajiriwa dereva kutoka Nshambya, kijana mpole asiyejua habari za nyuma. Kahawa ikaanza kushuka tena. Kabla msimu haujaisha, Ephrasia alirudi kutoka kuuza ndizi barabarani akamwambia mumewe kwamba matairi ya nyuma ya pikapu yamelika, katikati zaidi kuliko pembeni.

"Wameona?" Protase aliuliza.

"Wameona. Wanasema ni barabara mbaya."

Kesho yake alishuka mpaka barabarani, akangoja pikapu ipite, akainua mkono. Alimweleza yule dereva kuhusu upepo, mzigo na namna ya kuondoka. Kijana alimsikiliza kwa adabu, injini ikinguruma, magunia yamefungwa kamba nyuma yake.

"Nimekuelewa, mzee," alisema. "Lakini mwenyekiti anataka hii ifike Bukoba leo."

Protase akasogea pembeni ili gari lipite.