Ukoga wa Dirishani

Rozalia alikuwa mwanamke wa kusali kuliko wa kuongea. Mumewe, Liberatus, alisaga mawe ya dhahabu miaka mingi, kikohozi kikamchukua. Tangu hapo mama huyu aliishi peke yake kwenye nyumba yao huko vilima vya Chunya, mkabala na kinu kile kile alichosagia. Vumbi lake lilitua hata juu ya sanamu ya Bikira Maria.

Binti yao, Frida, alikuwa amejifungua Mbalizi, na kwa desturi ya kwao uzazi wa kwanza hulelewa nyumbani kwa mama.

"Mama, nije lini?" aliuliza kila alipopiga simu.

"Bado kidogo, mwanangu. Tungoje vipimo."

Rozalia alikuwa akingoja ukoga useme.

Ukoga wenyewe, ule wa kijani unaotanda juu ya mawe ya msituni kama zulia, uliletwa kutoka Iringa na mtafiti mmoja, Jackline. Aliutia kwenye vifuko vya wavu, akavitundika kijiji kizima. Kimoja kilikaa dirishani, kwenye chumba alichofia Liberatus. Humo ndimo mtoto angelala.

"Hauna mizizi, mama," Jackline alimweleza. "Unakula hewa tu, na vumbi linanasa humo. Tutaupima maabara tujue mnavuta nini."

"Kama mapafu," Rozalia alisema.

Hakutulia tena. Asubuhi za ukungu, majani ya mparachichi yakiwa kimya, kifuko kilizunguka polepole, kikasimama, kikazunguka tena. Kisha akasikia mtu akivuta pumzi kwa shida, pale pale dirishani. Pumzi ile aliijua. Ndiyo ya Liberatus, aliyoisikiliza mpaka ilipokatika.

Akafanya alivyofundishwa na mama yake. Alinyunyiza chumvi iliyobarikiwa kwenye pembe za chumba, halafu akakimiminia kifuko kiganja kizima, akisali Salamu Maria.

Jackline aliporudi kukusanya vifuko vyake, aliziona punje.

"Mama Frida! Ulitaka kukikaanga?"

"Nilitaka apumzike."

Kicheko kikamkauka Jackline. "Hiki kimeharibika, mama. Itabidi tutundike kingine, tungoje upya."

Rozalia hakuwa anamsikiliza. Chumvi ilikuwa imevuta ukungu, na maji yalikuwa yakidondoka kutoka kwenye ukoga, yakichora mistari myeusi ukutani. Aligusa kwa kidole. Uji wa vumbi, mzito, unaometa kidogo. Ndio aliokuwa akiufua kwenye leso za marehemu.

Akapiga simu mwenyewe.

"Frida, usije. Mpeleke mtoto Iringa, kwa mjomba Didas."

"Na vipimo, mama?"

"Vipimo vitakuja. Mtoto anapumua leo."

"Na wewe je?"

Rozalia alimtazama Jackline, aliyekuwa ameshika kifuko kipya, kibichi, hajui akitundike wapi.

"Hapo hapo," akamwambia. "Chumba hiki nitalala mimi."