Vidonge Viwili Kwenye Pipa

Mtaa mzima ulimwita mama mkwe wangu Mama Wasiwasi, naye aliitika. Kazi yake ilikuwa kushona sare za shule, na cherehani alikuwa ameiweka chini ya dirisha la nyuma kwa sababu moja tu: alitaka kuliona banda la kuku kila anapoinua kichwa. Akimaliza mstari mmoja wa kushona, anachungulia. Akikata uzi, anachungulia. Nilipoolewa nikahamia nyumba ile, nilidhani ni mazoea ya mtu mzima aliyekosa la kutazama. Nilichelewa kuelewa kwamba alikuwa anawahesabu.

Alikuwa amefuga kwa miaka thelathini, na katika miaka hiyo kideri kilimpitia mara moja. Kuku arobaini waliisha kwa siku tano, shingo zimepinda, kinyesi cha kijani banda zima. Tangu hapo hakuamini kitu. Kuku mgeni alifungiwa wiki mbili peke yake nyuma ya bafu, hata kama ameletwa na ndugu wa tumbo moja. Ndala za bandani hazikuingia jikoni, na za jikoni hazikuingia bandani. Mume wangu aliwahi kufukuzwa na ufagio kwa kosa hilo, mtu mzima na ndevu zake. Na asubuhi, kabla hata hajanijulia hali, mama alikuwa ameshachuchumaa bandani akikagua kinyesi.

"Mwanangu, kuku ni mnafiki," aliniambia. "Anaumwa huku anadonoa. Ukimwona kajikunyata, ujue ugonjwa una siku zake mwilini. Wewe angalia alichoacha chini, na ukae kimya usikilize anavyopumua."

Mwanzoni nilimcheka kimoyomoyo. Mwezi wa pili, jamani, na mimi nikawa nachuchumaa.

Nyumba sita za uchochoro wetu zilichanja kuku wao kwa chupa moja. Ile chupa ndogo ya chanjo inatosha kuku mia, na ikishafunguliwa haikungoji, saa mbili tu imeisha nguvu. Kwa hiyo walikubaliana siku moja na mchanganyaji mmoja, na mchanganyaji asingeweza kuwa mwingine. Siku hiyo kuku walinyimwa maji tangu alfajiri ili wakipewa wayafakamie. Mama alichota maji ya mvua kwenye pipa letu, akachanganya kwa mwiko wa mbao, na kila mtu akaondoka na ndoo yake mbiombio kama anayewahi kuzima moto.

Wa kwanza kwenye foleni alikuwa fundi baiskeli wa nyumba ya mwisho. Alikuwa amefiwa na mkewe mwaka uliotangulia, na kuku tisa aliokuwa nao walikuwa wa marehemu. Hakujua kufuga hata kidogo. Alikuwa anajifunza kwa mama, anauliza jambo moja mara tatu, na kuku wenyewe anawasemesha akidhani hatumsikii.

Wiki mbili baadaye kideri kikaingia mtaa wa pili. Tulianza kuona manyoya yakichomwa, kisha watu wakaanza kupita wakiuza kuku harakaharaka, na mama akamfungia mmoja wao mlango usoni. Lakini ajabu ni kwamba hakuwa na hofu. Kwa mara ya kwanza tangu nimjue alishona bega zima la shati bila kuchungulia. "Wetu wamechanjwa," alisema.

Jumatatu jirani yetu mwalimu alisimama dirishani kupiga soga. Akauliza kwa nini tunahangaika na maji ya pipa wakati bomba lipo hapo.

"Maji ya bomba?" Mama aliruka utadhani ametukanwa. "Si yana dawa yale! Dawa inayoua vijidudu inaua na chanjo. Utawanywesha kuku maji matupu, halafu ulale usingizi ukidhani umewakinga."

Nilikuwa naosha vyombo. Nikakumbuka pipa.

Siku moja kabla ya chanjo, tumbo la kuhara lilikuwa limeenea mtaani, na mimi nikatia vidonge viwili vya kutibu maji kwenye pipa. Hakuna aliyeniagiza. Nilijiona mke mwenye akili, mwenye kujihadhari kama mama mwenyewe. Mama alichota maji yaleyale.

Nilipaswa kumwambia palepale, maneno yalikuwa mepesi tu. Lakini nilikuwa na miezi minane katika nyumba ile, na ukwe ni ukwe. Nilimwogopa. Niliogopa atakavyoninyamazia, niliogopa nyumba sita zikijua ni mimi, niliogopa mume wangu ataambiwa ameoa mzigo. Basi nikasubiri. Jumanne nilikwenda bandani mara saba. Kuku akipiga chafya, narudi kumsikiliza anavyopumua. Jumatano sikuweza kumeza chakula, na mama akanitazama tumbo akatabasamu, akidhani kuna habari njema. Tabasamu lile ndilo lililonimaliza.

Alhamisi asubuhi nilipiga magoti kando ya cherehani nikamwambia. Mguu wake ukasimama.

"Vingapi?"

"Viwili, mama."

"Lini?"

"Siku moja kabla ya kuchanja."

Hakugomba. Alitoka na ndala za bandani akapita nazo katikati ya jikoni bila kuona, na hapo ndipo nilipojua hali ni mbaya kiasi gani. Alirudi mchana na chupa mpya ndani ya chombo cha barafu. Ijumaa alichanja upya kwa maji ya kisima, na kila aliyekuja na ndoo alimwambia vilevile: "Ile ya kwanza niliharibu mimi, maji hayakuwa mazuri. Nisameheni." Nilipofungua mdomo akanikata jicho.

"Nyamaza," aliniambia tulipobaki wawili. "Chanjo inataka wiki nzima ishike. Wiki hii nataka kila mtu atazame kuku wake, wasikutazame wewe." Kisha, taratibu: "Nimekufundisha kuogopa kila kitu. Kumbe na mimi umenitia humo humo, hadi unapiga magoti kuniambia."

Hakuniuliza nilijua lini kwamba nimekosea. Alidhani nimekumbuka asubuhi ileile, nikakimbia kumwambia. Nami nikaacha adhani hivyo.

Tulimwaga dawa ya kuua vijidudu mlangoni, tukafungia kuku wote ndani, tukahesabu. Jumamosi salama. Jumapili salama. Jumatatu na Jumanne kuku wetu walikula pumba kama kawaida, nikaanza kupumua.

Jumatano fundi baiskeli alikuja. Alisimama nje ya lango, kama mama alivyomfundisha asiingie kwa mtu akiwa na ugonjwa kwake, ameshika gunia. Hakulifungua. Wanne walikuwa wamekufa tangu jana yake na wengine walikuwa wanazunguka wakiangalia juu, shingo zimepinda.

"Dada," alimwambia mama, "miaka yote hii unatuchanjia. Mimi sijui kitu, nilikuamini wewe. Hawa hawakuwa wangu, unajua walikuwa wa nani."

Mama aliinamisha kichwa. "Najua, kaka. Kosa ni langu."

Mtu aliyeogopa kila kitu kwa miaka thelathini ili asije kusimama mahali pale, sasa amesimama pale kwa ajili yangu.

"Si yeye," nilisema. "Ni mimi niliyetia dawa kwenye pipa. Mama hakujua."

Fundi akanitazama. "Na wewe ulijua lini?"

Nilihisi mama akinigeukia.

"Jumatatu. Ile ya wiki iliyopita."

"Tukachanja Ijumaa." Alikunja vidole kimoja kimoja, Jumanne, Jumatano, Alhamisi. Hakuwa na hasira, alikuwa anajifunza, kama alivyozoea kujifunza langoni kwetu. Akamgeukia mama. "Kama angesema Jumatatu ileile, dada, hawa wangepona?"

Nilimwomba Mungu mama adanganye. Lakini kuhusu kuku mama hakuwahi kumdanganya mtu.

"Wengine," alisema. "Wengine wangepona."