Kibao cha Mlango wa Choo

Kaka yangu alipoteza macho kwenye duara, shimo la dhahabu, upande wa Tarime, baruti ilipochelewa kulipuka na yeye akaenda kuitazama. Chuoni alikopelekwa baadaye akajifunza kusoma nukta nundu kwa vidole. Alirudi Mugumu na elimu yake, na mji mzima haukuwa na hata mstari mmoja wa kumpa asome.

Kisha tajiri mmoja wa dhahabu akajenga nyumba ya wageni mtaa wa Morotonga, akanunua vibao vinavyong'aa kutoka ng'ambo ya mpaka wa Sirari. Vilikuwa na nukta nundu. Fundi alidhani ni urembo. Kimoja alikibandika karibu na dari, ambako kipofu angehitaji ngazi. Kingine, kwenye stoo, kaka alikipapasa akaniambia kimeandikwa "Lifti". Nyumba haina ghorofa.

Tulikutana hapo siku ya posa ya binti wa kaka, na wazazi wa mkewe wakaja kutoka Itiryo. Kwetu Wakurya mwanamume na mama mkwe wake hawashikani mikono wala hawali pamoja. Wakikutana njiani, mmoja hupisha hadi kichakani. Katikati ya kikao kaka akabanwa na haja ndogo. Nikamwongoza uani.

Kabla sijamfikisha mlango wa pili, choo cha wanaume, vidole vyake vikakuta kibao cha mlango wa kwanza. Uso ukamng'aa.

"Wanaume," akasoma.

Juu ya kibao palichorwa mwanamke mwenye sketi. Nikamwambia hiki ni cha akina mama. Akanijibu kwamba miaka yote anasomewa na watu, leo amejisomea, na mimi na digrii yangu tunyamaze.

Mlango ulikuwa umefungwa kwa ndani. Nilijua aliyemo, nilimwona mama mkwe wake akiingia. Ndani pakasikika kikohozi kizito cha uzee.

"Shikamoo, mzee," kaka akasema.

Bibi wa watu angejibuje? Sauti yake ingemtambulisha, na kutoka asingeweza, mkwe kaziba mlango. Kaka akasalimia tena, safari hii akigonga. Nikamvuta mkono, akajikaza, akalalamika kwamba wazee wa siku hizi wakishapata dhahabu hawajibu salamu.

Nilisoma isimu chuo kikuu. Hili halikufundishwa. Mwishowe nikamnong'oneza.

"Kaka, aliyemo ni mama mkwe wako."

Akaachia kibao kama kaa la moto. Akageuka na kuondoka bila mimi, bila fimbo, akagonga pipa la maji, akaenda hadi kwenye migomba nyuma ya ua. Nilimkuta huko, amemaliza shida yake, hataki kurudi kikaoni.

"Amenisikia nikigonga?"

"Amesikia."

Nikamwahidi kwamba nitamwambia mwenye nyumba akitoe kibao kile leo hii.

"Asikitoe," akasema. "Akihamishie mlango wa pili."

Nilikwenda kuomba. Fundi aliitwa, akakivuta, akakitikisa, akasema hii gundi ni ya bati, haibanduki, labda tung'oe mlango.